Kalamu Tatu za Rangi

Mwaka 1998, nikiwa darasa la tano, mwalimu alinipa karatasi ya manila akaniambia nichore ramani ya Afrika Mashariki pamoja na majirani zetu wa kaskazini na magharibi, ibandikwe ukutani kabla ya mkaguzi kufika. Sikuchaguliwa kwa kuwa nilijua kuchora. Nilichaguliwa kwa sababu nyumbani kulikuwa na meza ndefu. Wazazi wangu waliuza chakula njia panda ya Nyakanazi, na madereva wakishakula na kwenda kulala kwenye malori yao, meza ilibaki yangu na kibatari changu.

Kwa asiyepajua, Nyakanazi ni mahali ambapo barabara inayotoka Kahama inagawanyika. Ukikata kushoto unashika njia ya Kakonko, Kibondo na Kasulu mpaka Kigoma, njia ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Ukinyoosha unafika Lusahunga, na hapo unachagua tena: kulia Biharamulo na Bukoba, mbele Ngara, wilaya yenye vituo viwili vya mpaka, Rusumo wa kwenda Rwanda na Kabanga wa kwenda Burundi. Nilijua nchi kwa namba za magari kabla sijazijua kwa ramani. Nilijua pia kwamba dereva wa Kongo hatokei Kongo moja kwa moja. Lazima apite kwa mtu.

Kwenye pakiti yangu zilibaki kalamu nne: bluu, kijani, nyekundu na njano. Bluu ilikuwa ya maji, hilo halikuwa na mjadala. Kwa hiyo kwa nchi nilikuwa na kalamu tatu, na masharti ya mwalimu yalikuwa mepesi: nchi zinazopakana zisifanane rangi.

Nilianza na Tanzania, kijani. Uganda, nyekundu. Kenya inazigusa zote mbili, kwa hiyo njano. Sudan, ambayo wakati huo ilikuwa bado nchi moja, inagusa Uganda na Kenya: kijani. Kongo, ambayo ramani ya ukutani bado iliiita Zaire, inagusa Sudan na Uganda: njano. Ikabaki Rwanda. Rwanda inaigusa Uganda iliyo nyekundu na Kongo iliyo njano, basi iwe kijani. Lakini ng'ambo ya Mto Kagera kijani kilikuwa kimekwisha kutangulia, nacho kilikuwa Tanzania. Rangi ziligongana Rusumo, kulekule ambako nusu ya malori yaliyolala nje ya kibanda chetu yalikuwa yanakwenda.

Nikafuta, nikaanza na Kenya. Nikafuta tena, nikaanza na Kongo. Kila mara mgongano ulihama. Mara ulitokea Sudan, mara Kenya, na mara moja ulirudi Rusumo kwa mlango wa nyuma. Karatasi ikaanza kuchanika kwa kufutwa. Mwishowe nikaiacha Rwanda bila rangi.

"Na hii je," mwalimu aliuliza asubuhi, fimbo yake ikiwa juu ya ile nyeupe, "haina wenyewe?"

Darasa likacheka, lakini si wote. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu mwisho wa Aprili 1994, pale watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 na kuingia Ngara. Malori ya msaada ya kwenda Benaco yalipita mbele ya kibanda chetu mchana na usiku. Tulikuwa wadogo, lakini tuliona. Nchi nyeupe katikati ya ramani haikuwa mzaha kwa kila mtu darasani, na mimi sikuweza kumweleza mwalimu kwamba sikuwa na maana yoyote zaidi ya kwamba rangi zilikuwa zimekwisha.

Kwa miaka mingi niliamini kosa lilikuwa langu, kwamba mtoto mwerevu zaidi angefanikiwa kwa kalamu tatu. Nilikuja kujua chuoni, mwaka wa pili wa shahada ya hisabati, kwamba hata angekaa mezani mtu mzima mwenye akili kuliko wote, angeishia kuacha nchi moja nyeupe. Na nikajua pia kwamba swali hili lina historia, na kwamba lilianza kwa kijana mwingine aliyekuwa akipaka ramani rangi.

Kijana huyo ni Francis Guthrie. Mwaka 1852 alikuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza akaona kwamba rangi nne zinamtosha. Akajiuliza kama nne zitatosha ramani yoyote ile, hata ya nchi ambazo hazipo. Hakuweza kuthibitisha. Mdogo wake, Frederick, alikuwa mwanafunzi wa Augustus De Morgan pale University College, London, akampelekea mwalimu wake swali. Tarehe 23 Oktoba 1852 De Morgan alimwandikia rafiki yake wa Dublin, William Rowan Hamilton, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zile. Hamilton alijibu baada ya siku chache kwamba hakutarajia kulishughulikia karibuni. Ni jibu la kistaarabu la mtu asiyetaka kusumbuliwa, na wote waliowahi kupeleka swali kwa mkubwa wanalijua.

De Morgan hakuliacha. Aliona jambo moja la kweli: kwenye karatasi bapa huwezi kuchora nchi tano ambazo kila moja inapakana na nyingine zote nne. Nne unaweza. Shuka kusini mwa nchi yetu uone: Malawi inaigusa Tanzania, Zambia na Msumbiji, na hizo tatu nazo zinagusana zenyewe kwa zenyewe. Hapo rangi nne ni lazima. Ila tano haziwezekani, jirani wa tano daima atafungiwa nje na wenzake.

Kutoka hapo watu wengi, na baadhi yao wasomi, wameruka kwenda hitimisho lisilofuata. Wanasema, kwa kuwa hakuna tano zinazogusana zote, basi rangi nne zinatosha. Hoja hii inateleza vizuri kooni, ndiyo maana ni ya hatari. Ubovu wake uko kwenye manila yangu. Rudi uitazame: maziwa yamepakwa bluu, kwa hiyo Tanzania na Kongo hazigusani, maana mpaka wao wote umo ndani ya Ziwa Tanganyika. Katika ramani ile hakuna nchi nne zinazogusana zote. Kwa hoja ileile, kalamu tatu zingetosha. Hazikutosha.

Sababu ni Uganda. Uganda imezungukwa na majirani watano walioshikana mikono kama watoto wa mchezo wa duara: Kenya na Sudan (leo Sudan Kusini, tangu Julai 2011, na duara halikubadilika, jina tu), Sudan na Kongo, Kongo na Rwanda, Rwanda na Tanzania, Tanzania na Kenya. Aliye katikati anachukua rangi moja peke yake. Zinabaki mbili kwa duara. Na duara la watu watano haliwezi kuvaa nguo mbili kwa zamu, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, bila wawili walioshikana mikono kufanana mwishoni. Wangekuwa wanne ingewezekana. Rwanda yenyewe ina majirani wanne, Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo, na duara lake, ziwa likibaki bluu, linapakika kwa rangi mbili bila matatizo. Nchi ndogo iliyonifedhehesha haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa ya jirani yake.

Ukiuhesabu mpaka wa majini, mambo yanabana zaidi. Tanzania, Kongo na Rwanda sasa zinagusana zote tatu, kwa hiyo zinachukua rangi tatu tofauti. Burundi inazigusa zote tatu na Uganda nayo vilevile. Kwa hiyo ukiwa na kalamu nne, Uganda na Burundi ni lazima zifanane rangi, hata upake kwa mpangilio gani, ingawa hazijawahi kupakana popote. Jaribu. Nimewapa wanafunzi zoezi hili mara nyingi na daima kuna mmoja anayedhani atanishinda.

Mwaka 1878 Arthur Cayley aliuliza mbele ya Chama cha Hisabati cha London kama kuna aliyekwisha kulitatua swali la Guthrie. Mwaka uliofuata wakili mmoja aliyependa hisabati, Alfred Kempe, akachapisha uthibitisho. Wazo lake lilikuwa zuri kiasi kwamba hata leo linafundishwa. Kila ramani, alionyesha, ina angalau nchi moja yenye majirani watano au pungufu. Iondoe, paka zilizobaki, kisha irudishe. Kama majirani zake wamemaliza rangi zote nne, tafuta mnyororo wa nchi zenye rangi mbili zinazopokezana, kwa mfano nyekundu na kijani, na uzibadilishane mnyororo mzima: nyekundu iwe kijani, kijani iwe nyekundu. Rangi moja inafunguka, na nchi uliyoirudisha inapata yake. Kwa nchi yenye majirani wanne, kama Rwanda, hoja hii haina doa.

Kwa nchi yenye watano, kama Uganda, Kempe alihitaji kubadilishana minyororo miwili kwa mpigo. Kila badiliko peke yake lilikuwa halali. Yakifanywa pamoja, yanaweza kugongana. Hilo halikuonekana kwa miaka 11. Kempe alikubalika katika Royal Society, swali likafungwa, mpaka Percy Heawood wa Durham alipoifungua karatasi ile tena na mwaka 1890 akachora ramani ambayo juu yake mbinu ya Kempe inavunjika. Heawood hakusema nne hazitoshi. Alisema tu kwamba hatujui, kisha akaichukua mbinu ileile iliyovunjika na kuthibitisha kwayo kwamba tano zinatosha daima. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa lile la kwanza. Kuona kosa la mwenzako ni kazi moja, na kuokota kilicho kizima ndani yake ni nyingine.

Na Guthrie, aliyeanzisha yote? Alikuja Afrika. Mwaka 1861 alianza kufundisha Graaff-Reinet, Afrika Kusini, baadaye akawa profesa wa hisabati katika chuo cha Cape Town, na akaupenda mno uchunguzi wa mimea. Kuna mmea unaoitwa Guthriea kwa heshima yake. Alifariki mwaka 1899. Sidhani kama alilala macho kwa ajili ya rangi nne. Mtu anaweza kuuliza swali la karne nzima kisha akaenda kutazama maua, na hakuna ubaya.

Hapa niseme neno juu ya ramani zenyewe. Kwa mwanahisabati, ramani ni vitone na nyuzi tu: kila nchi kitone, kila mpaka uzi unaounganisha vitone viwili. Hiyo ndiyo huitwa grafu. Umbo la nchi, ukubwa wake na waliomo havina kazi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza na Ubelgiji ziligawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1919 eneo la Gisaka, mashariki mwa Rwanda, liliwekwa upande wa Waingereza waliokuwa wakiota reli ya kutoka Cape hadi Cairo, na baada ya miaka michache ya malalamiko ya mfalme Musinga na wamisionari likarudishwa. Bugufi, iliyokuwa chini ya ufalme wa Burundi, ilikatwa ikawa ya Tanganyika na haikurudi. Leo ni sehemu ya Ngara. Katika grafu hakuna kilichobadilika kwa yote hayo. Uzi wa Rwanda na Tanganyika ulikuwepo kabla na baada, uzi wa Burundi vilevile. Kwa Mhangaza aliyeamka siku moja akaambiwa mfalme wake sasa ni mgeni, kilibadilika kila kitu. Napenda hisabati na nimeifanya kazi yangu, lakini nafundisha somo hili nikikumbuka kwamba inaona kile tu ilichokubali kukiona.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wachora ramani hawakuwahi kuhitaji jibu. Kenneth May, mwanahistoria wa hisabati, alipekua atlasi za Maktaba ya Bunge la Marekani na mwaka 1965 akaandika kwamba ramani zilizotumia rangi nne tu zilikuwa adimu. Wino wa tano si ghali. Waliokuja kuuhitaji uhaba huo ni watu wengine kabisa, wasio na ramani mezani, bali na vitu vinavyogombania nafasi moja.

Watu wa redio, kwa mfano. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, mahali ambapo mawimbi ya nchi tatu yanakutana angani bila kuonyesha pasipoti. Vituo viwili vilivyo karibu vikitumia masafa mamoja, msikilizaji aliye katikati anasikia mkoromo, na kwa mkimbizi aliyekuwa akisubiri kutajwa kwa jina la mtoto aliyepotea, mkoromo haukuwa usumbufu mdogo. Bendi ya FM ni finyu, kuanzia megahezi 87.5 hadi 108, na nchi za Ulaya na Afrika zilikaa Geneva mwaka 1984 kupanga nani atumie wapi. Kila mtambo ni kitone, kila wawili wanaoweza kuingiliana wanaunganishwa kwa uzi, na masafa ndiyo rangi. Mitandao ya simu ilipangwa hivyohivyo, mnara kwa mnara. Waunda programu nao: mwaka 1981 Gregory Chaitin na wenzake wa IBM walitumia upakaji rangi kuamua ni thamani zipi zikae katika nafasi chache za haraka zilizo ndani ya kichakato cha kompyuta. Simu uliyoishika imefanyiwa kazi ya aina hiyo mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu.

Kompyuta, kwa upande wake, ndiyo iliyolifunga swali la Guthrie. Katikati ya mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walitangaza kwamba nne zinatosha. Waliigawa kila ramani inayowezekana katika aina zaidi ya 1,400 za miundo na kuipa mashine iikague kila moja, kazi ya saa zipatazo 1,200. Idara yao ikagonga muhuri wa habari hiyo kwenye bahasha za barua. Wengi walinuna. Uthibitisho usioweza kusomwa na mtu mmoja ni uthibitisho wa nani? Inasimuliwa kwamba mtoto wa Haken alipotoa mhadhara juu ya kazi hiyo, wasikilizaji wenye zaidi ya miaka 40 hawakuiamini kompyuta, na wenye chini ya 40 hawakuziamini kurasa mia saba zilizoandikwa kwa mkono. Mwaka 1997 kundi jingine lilipunguza miundo hadi 633, na mwaka 2005 Georges Gonthier akahakikisha hoja nzima, hatua kwa hatua, kwa programu iliyoundwa kukagua uthibitisho. Mimi naiamini. Lakini nina sababu zangu za kutomcheka asiyeamini, na sababu hizo zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya wilaya ya Biharamulo, si mbali na njia panda niliyokulia. Mwalimu wa taaluma aliumwa, nami nikapewa ratiba ya mtihani wa kufunga muhula wa Kidato cha Tano. Tulikuwa na masomo sita ya kupanga: Fizikia, Kemia, Hisabati, Biolojia, Jiografia na Uchumi. Yale ya lazima yalikuwa yamefanyika wiki iliyotangulia. Mkuu wa shule alitaka tumalize kwa asubuhi tatu, Jumatatu hadi Jumatano, kwa sababu Alhamisi alfajiri mabasi ya Kigoma na ya Bukoba yangewachukua watoto, na stoo ya maharage ilikuwa inaelekea chini.

Nilifurahi kama mtu aliyesubiri ajali kwa miaka mingi akiwa amevaa kofia ya chuma. Nilichora vitone sita. Kila tahasusi ni pembetatu ya nyuzi, kwa kuwa mwanafunzi mmoja hawezi kukaa kwenye mitihani miwili kwa wakati mmoja: PCM, PCB, CBG, EGM. Nikahesabu nyuzi kumi. Kisha nikapaka rangi, na rangi tatu zikatosha kwa namna ya kupendeza: Fizikia na Jiografia Jumatatu, Kemia na Uchumi Jumanne, Hisabati na Biolojia Jumatano. Mawili, mawili, mawili. Niliipiga picha kwa simu kabla ya kuibandika.

Ilidumu mpaka chai ya saa nne. Kempe alipewa miaka 11.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, Mwalimu. Jumatatu asubuhi mimi nakaa chumba kipi?"

Nikamwambia aangalie ratiba. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

"Nimeangalia. Niko vyumba viwili."

Alikuwa msichana wa PGM. Fizikia, Jiografia, Hisabati. Walikuwa saba tu katika mkondo wote, walisoma wametawanyika katika madarasa ya wenzao, na hawakuwa na chumba chao. Niliwasahau. Si kwamba nilikosea kupaka. Nilipaka vizuri kabisa grafu isiyo ya kweli.

Nilirudi kwenye vitone. Fizikia na Hisabati zilikuwa zimekwisha kuunganishwa na PCM, Jiografia na Hisabati na EGM. Tahasusi ile ya watoto saba iliongeza uzi mmoja tu, kati ya Fizikia na Jiografia. Uzi wa kumi na moja. Na kwa uzi huo mmoja Jiografia ikawa inagusa masomo yote matano, ikawa Uganda. Fizikia, Kemia, Hisabati na Jiografia zikawa zinagusana zote nne, kama Malawi na majirani zake. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyesoma masomo manne kati ya hayo sita, na bado asubuhi nne zilikuwa lazima. Nilikaa nikitafuta njia ya kukwepa nilichokuwa nakijua, kama nilivyokaa na kifutio mezani kwa baba.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alinisikiliza. "Kwa hiyo watoto saba wanatuongezea siku nzima?" Mabasi yalikuwa yameshalipwa. Uamuzi ulikuwa ule ambao shule nyingi hufanya: saba wafanye Fizikia Jumatatu asubuhi pamoja na wenzao, kisha wafungiwe maktaba wasiongee na mtu, na saa 8 mchana wafanye Jiografia. Mitihani miwili ya saa tatu kwa siku moja, kwa sababu walikuwa wachache.

Niliwasimamia mwenyewe. Chakula kililetwa maktaba kwenye ndoo, maharage yakiwa yamepoa. Saa 9 na nusu wawili walikuwa wamelaza vichwa juu ya meza. Yule msichana aliandika mpaka kengele, na alipoleta karatasi niliona kwamba swali la mwisho lilikuwa na namba tu, bila jibu. Hakusema kitu. Ningependelea aseme.

Muhula uliofuata niliomba ratiba niipange tena mimi. Safari hii sikuanza na rangi. Nilianza na daftari la mahudhurio, jina kwa jina, tahasusi kwa tahasusi. Kisha nikafuata utaratibu ambao Dominic Welsh na M. B. Powell waliuchapisha mwaka 1967 katika makala iliyohusu hasa ratiba: panga vitone kuanzia chenye nyuzi nyingi zaidi, umpe rangi kwanza yule mwenye migongano mingi, wengine wafuate. Si dawa ya kila kitu. Mwaka 1972 Richard Karp alionyesha kwamba kutafuta idadi ndogo kabisa ya rangi ni miongoni mwa matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua yakiwa makubwa, na kama njia hiyo ipo ama haipo ni swali lililowekewa zawadi ya dola milioni moja tangu mwaka 2000. Masomo sita unayamaliza kwa penseli. Lakini Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65, na kila moja ni pembetatu inayoweza kuleta uzi ambao haukuwepo. Nawahurumia walimu wa taaluma.

Nilimchorea mkuu wa shule vitone sita ubaoni, ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Nikachora nyuzi kumi kwa chaki nyeupe na ule wa kumi na moja kwa chaki nyekundu. Nikamwomba apange asubuhi tatu yeye mwenyewe. Alijaribu kwa dakika ishirini hivi, akifuta kwa kiganja, bila kuniambia niende zangu. Alikuwa mwalimu wa historia, na nilimwona akipita mlemle nilimopita mimi mwaka 1998: mgongano unafukuzwa hapa, unatokea kule. Mwishowe akapangusa chaki kwenye suruali, akaita stoo kuuliza maharage yamebaki magunia mangapi.

Ratiba mpya ilikuwa ya asubuhi nne. Haikupendeza kama ile ya kwanza, maana Kemia ilikaa peke yake na Jiografia peke yake. Niliibandika Ijumaa jioni, nikasubiri pembeni nikijifanya nasoma matangazo mengine. Yule msichana alikuja na wenzake wawili wa PGM. Alipitisha kidole kwenye mistari, polepole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kisha akarudia kutoka mwanzo.

"Alhamisi sisi tunafanya nini?" mwenzake akamuuliza.

"Jiografia," akasema. "Asubuhi. Mchana hakuna kitu."

Akatoa kalamu, akanakili siku nne kwenye kiganja cha mkono.